Hotuba Niliyomtafsiria Baba

Jumamosi, Machi 14

Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: leo nimemsema baba yangu vibaya mbele ya ukumbi mzima, na yeye mwenyewe akanipigia makofi.

Alikaa safu ya tatu. Alivaa lile shati jeupe la kwendea benki, na mikono alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga mpaka imekuwa myekundu, ingawa masizi ya kwenye kucha hayatoki hata ufanyeje. Pembeni yake alikaa Koleo, mfanyakazi wake wa siku nyingi, anayeitwa hivyo kwa sababu akikushika mkono huchomoki. Baba alimleta awe shahidi.

Daftari hili nimekuwa nikiliandika kwa lugha ya shule, makusudi, maana nyumbani hakuna anayeisoma. Leo lugha ile imenitokea puani. Naandika kwa Kiswahili, na daftari nitalilaza chini ya godoro upande wa ukutani.

Mada ya mjadala wa shule ilikuwa kodi ya kaboni ya mpakani. Nchi za ng'ambo zinazonunua chuma chetu zimeanza kukitoza kodi kinapoingia kwao, kulingana na moshi uliotoka wakati wa kukitengeneza: moshi mwingi, kodi kubwa. Lakini ukionyesha kwamba umeshalipa kodi kama hiyo kwenu, wanakupunguzia. Basi serikali yetu imeanza kuandikisha matanuru ili iitoze yenyewe kabla mzigo haujavuka, fedha zibaki katika hazina yetu. Mimi nilipewa upande wa kuunga mkono.

Darasani wananiita Bubu. Nikiitwa mbele, sauti inarudi tumboni. Lakini nikipanda jukwaani na hotuba ya lugha ya shule nakuwa mtu mwingine, kama aliyeazima nguo nzuri, hata mwendo unabadilika. Nilisema pesa ni ileile, swali ni itaingia mfuko wa nani. Nilisema tukiiacha ng'ambo itajenga zahanati za ng'ambo. Watu wakatikisa vichwa. Nikaona bado wamekaa tu. Nilitaka wainuke.

Ndipo nikasema: "Karibu na nyumbani kwetu kuna tanuru ambalo faida yake inaingia mfukoni mwa mtu mmoja, na moshi wake unaingia mapafuni mwa wote." Nikaeleza matairi yanavyochomwa alfajiri. Nikaeleza nguo za kwenye kamba zinavyoingia masizi kabla hazijakauka.

Wakainuka. Baba naye akainuka, akapiga makofi kuliko wote, huku akigeuka huku na huku ili watu waone ni nani anayepiga.

Mpinzani wangu, mvulana tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, aliniuliza: "Hizo fedha zikishaingia hazina, zitamrudia lini mwenye tanuru dogo?" Nikamjibu, "Siku atakapoacha kutukausha kama samaki." Ukumbi ulicheka dakika nzima. Nikashinda.

Jaji mkuu alikuwa afisa wa kodi, mwanamume mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Alinipa kikombe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama tanuru lile lipo kweli au ni mfano tu. Ningeweza kusema ni mfano. "Lipo," nikasema. "Lile la bomba jekundu. Matairi yanawekwa nyuma ya ukuta, chini ya turubai." Kuhusu mahali pa matairi hakuwa ameniuliza.

Nje baba alikuwa ananisubiri na soda mbili.

"Mama," akasema, maana huniita hivyo, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. "Mama, umewanyamazisha! Sikuelewa hata neno moja, lakini niliona wanavyokutazama."

Koleo alisimama nyuma yake. Alinitazama kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake.

Jumapili, Machi 15

Baada ya chakula baba aliniambia nimtafsirie hotuba, taratibu, asipitwe na kitu. Mama naye akaacha vyombo, akaja kukaa.

Nilimtafsiria hotuba nyingine. Niliitunga papo hapo, nimesimama kati ya meza na kabati. Nilisema nilieleza jinsi wenye matanuru wanavyoamka kabla ya watu, na kwamba mikono inayomimina chuma ndiyo inayoshikilia barabara za dunia. Baba alifumba macho.

"Rudia hapo pa mikono," akasema.

Nikarudia.

Jumanne, Machi 17

Mvua za kwanza. Kikombe kimewekwa juu ya friji, kimegeuzwa maandishi yaelekee mlangoni.

Ijumaa, Machi 20

Mama alinituma kupeleka chakula karakana. Nilipoingia wafanyakazi walisimama wote.

"Mheshimiwa kaingia! Zimeni feni!"

"Feni gani? Wewe umewahi kuona feni humu?"

"Basi zimeni moto!"

Kila siku baba anawasimulia ile ya mikono na barabara. Wameshaikariri. Baba mdogo, ambaye ndiye anayemimina, ananyanyua mikono yake yenye makovu na kusema, "Hii hapa, inashikilia dunia, lakini kulipa kodi ya nyumba haiwezi."

Karakana yetu inatengeneza mifuniko ya chuma ya mashimo ya barabarani, karibu yote inasafirishwa ng'ambo. Nilipokuwa mdogo, Koleo alikuwa ananibeba na baba ananishika mkono, ananigandamiza kiganja kwenye mchanga wa kalibu, upande wa chini wa mfuniko, ambao hauonekani. Chuma kikimiminwa kinachukua umbo la kiganja. Mafundi wengine huweka mhuri, baba aliniweka mimi. Sasa watu nisiowajua wanakanyaga mifuniko ile, na chini yake, gizani, kuna mkono wangu wa miaka minne.

Na kuna jambo ambalo sikulisema ukumbini. Si kwamba nilisahau. Nililijua, nikaliacha, kwa sababu lingeharibu sentensi.

Matairi hayayeyushi chuma. Tanuru linakula makaa. Matairi yanachomwa msimu wa mvua tu, chini ya kichanja cha kukaushia vyuma chakavu. Chuma chenye maji kikitumbukia kwenye chuma kilichoyeyuka, maji yanageuka mvuke mara moja na kila kitu kinaruka. Baba ana sheria moja tu karakana, ameiandika kwa chokaa ukutani: CHUMA KIBICHI HAKIINGII. Nimeisoma sheria ile kabla sijajua kusoma kitabu.

Moshi ni mbaya. Hilo ni kweli. Lakini nilisema nusu.

Jumatatu, Machi 23

Mvua. Redio amenipita ukumbini bila kunisalimia. Wenzake wanamwita Samaki sasa.

Alhamisi, Machi 26



Nilikuwa karakana na bakuli la chakula mkononi wakati afisa wa kodi alipoingia, amekunja suruali kwa ajili ya matope. Baba alimtambua kabla yangu.

"Karibu, karibu mheshimiwa! Wewe si ndiye jaji wa kule shuleni? Binti yangu huyu hapa!"

Afisa alivaa miwani. Akanitazama, akamtazama baba, akanirudia.

"Huyu ni binti yako?"

"Wa kwanza. Kikombe ulimpa wewe kwa mkono wako."

"Nilimpa," afisa akasema. Nilitamani sakafu ifunguke.

"Hukumsikia alivyosema? Mikono inayomimina chuma ndiyo inayoshikilia barabara za dunia. Ehe? Mtoto wa shule huyo!"

Afisa aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akasema, "Nilimsikia, mzee. Anaongea vizuri sana." Akaondoa macho kwangu kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Naomba nione nyuma ya ukuta."

Baba alishangaa. Kila mkaguzi huanzia kwenye tanuru. Huyu alikwenda moja kwa moja nyuma, akalinyanyua turubai.

Walizungumza wamesimama mvuani. Anayechoma makaa tu anaandikishwa kiwango cha chini. Matairi yanampeleka mtu kiwango cha juu kabisa. Baba alimweleza habari ya kukausha, akamwonyesha kichanja, akamwonyesha sheria ya ukutani. Afisa alisikiliza vizuri, siwezi kusema hakusikiliza.

"Nakuelewa, mzee wangu. Lakini kodi inapima moshi, haipimi sababu."

"Na hizo fedha zinakwenda wapi?"

"Hazina."

"Mimi nikitaka kikaushio cha umeme, niache matairi, hazina itanisaidia?"

"Kuna mfuko utaanzishwa kwa ajili ya watu kama wewe."

"Lini?"

"Ukishapangwa."

Lilikuwa swali la Redio, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka.

Afisa alipoondoka, baba alisimama katikati ya karakana na kuuliza bila kupaza sauti, "Nani kamwambia nyuma ya ukuta?"

Kila mtu alitazama pembeni. Mimi nikatazama bakuli.

Ijumaa, Machi 27

Baba ameagiza matairi yote yaondolewe. Atakata rufaa ya kiwango, na mkaguzi akirudi asikute hata kipande. Vyuma vitakaushwa kwa upepo, chini ya paa. Upepo gani? Kila kitu humu kinatoa jasho, hata kuta.

Jumatano, Aprili 1

Mvua. Baba anakigusa kila kipande kwa shavu kabla hakijaingia, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto.

Alhamisi, Aprili 2

Mvua. Baba ameniuliza kama ninajua wapi pa kukata rufaa. Nilimwambia nitamwandikia barua. Amenishika kichwa, akasema, "Ndiyo faida ya kusomesha." Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka mama akagonga.

Jumamosi, Aprili 4

Kulikuwa na bomba limekatwa kwenye rundo, nje kavu, ndani limebaki na maji. Shavu haliwezi kulijua hilo.

Tuliusikia mlipuko nyumbani. Mama alikuwa ananyoosha nguo, akaiacha pasi juu ya shati, tukakimbia hivyo hivyo na harufu ya kuungua ikitufuata kutoka nyumbani na nyingine ikitungoja mbele. Baba mdogo alikuwa amekalishwa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mkono wa kulia, kuanzia kiwiko, na upande wa shingo. Sitauandika ulivyokuwa. Baba alikuwa anammiminia maji kwa kata, taratibu, huku akimwambia, "Pole mdogo wangu, pole, pole," kama aliyesahau maneno mengine yote.

Koleo ndiye aliyembeba mpaka barabarani kutafuta gari.

Hospitali wamesema macho ni mazima, na mkono utapona lakini hautakunjuka wote. Baba mdogo alipoweza kuongea alisema, "Kaka, leo nimepigwa pasi." Mama akacheka, kisha akatoka nje na kanga mdomoni.

Nimekaa kwenye benchi la hospitali nikijisemea kwamba si mimi niliyeliweka bomba. Ni kweli. Nimejisemea tena na tena, na kila mara inakuwa kweli, na haisaidii kitu.

Jumatatu, Aprili 6

Baba amemfukuza Koleo.

Mtu amemwambia kwamba Koleo alionekana akinywa chai na yule afisa siku ya ukaguzi. Baba alimwita mbele ya wote. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeleta nguo za kumbadilisha baba mdogo, baba azipeleke hospitali.

"Ulikunywa naye chai?"

"Tulikaa benchi moja. Kila mtu na kikombe chake."

"Alikuuliza nini?"

"Choo kiko wapi."

Mmoja aliguna kicheko, akakimeza.

"Unanichezea? Ndugu yangu amelala hospitali, wewe unanichezea?"

"Bosi, mimi sikusema kitu."

"Sasa nani? Nani mwingine anajua kilichopo nyuma ya ukuta na ana mdomo?"

Koleo aligeuka. Alinitazama. Si kwa hasira. Alingoja tu, kama mtu aliyekushikia mlango. Nilikuwa na sauti. Niliihisi mahali ilipo. Nikainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu hakikuwa na kamba.

Akavua glovu, akazilaza juu ya meza moja juu ya nyingine, akatoka.

Jumanne, Aprili 7

Mvua.

Alhamisi, Aprili 9

Nimekwenda kumtafuta baada ya masomo. Anapakia mchanga kwenye malori, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliponiona alichoma koleo kwenye mchanga, akaniambia ile sentensi yangu. Ile ya mfuko mmoja na mapafu ya wote. Aliisema kwa lugha ya shule, yote, bila kukosea, kwa lafudhi nisiyoijua.

"Umeshangaa nini? Kabla hujazaliwa niliosha vyombo nyumbani kwa wageni. Walikuwa wanagombana kwa lugha hiyo kuanzia chai ya asubuhi. Utaacha kujifunza?"

"Uliielewa yote?"

"Mpaka ya samaki."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. "Kwa nini hukumwambia baba?"

"Ningemwambiaje? Mtu amesimama anapiga makofi mpaka viganja vinawaka, mimi nimvute shati nimwambie kaa chini, unatukanwa? Nikasema siku hii ni yake, tutaona kesho. Kesho nikakuta anatusimulia habari ya mikono na barabara. Nikasema kumbe mtoto ana maarifa."

Nilianza kulia. Alinisubiri nimalize, lakini hakunibembeleza.

"Sikiliza, binti. Usinifanye malaika. Nimenyamaza mara moja kwa ajili ya baba yako, na Jumatatu nimenyamaza kwa ajili yako, nikidhani utafungua mdomo. Ukafunga kiatu. Mimi nina watoto wanakula. Jumamosi jioni nitakuja kwenu. Nikikuta umesema, nitakunywa chai na kuondoka. Nikikuta hujasema, nitasema mimi, na mimi sina maneno mazuri kama yako."

"Baba atanichukia."

"Labda. Mimi ananichukia tayari, na sikutoa hotuba."

Akachomoa koleo.

Wakati wa kurudi nilimkuta Redio kwenye kibanda cha kuchaji simu. Nilimwambia swali lake lilikuwa zuri na jibu langu lilikuwa la ovyo. Alinitazama akitafuta mtego uko wapi, kisha akasema, "Sawa, Bubu," na akasogea ili nami nijikinge mvua.

Ijumaa, Aprili 10

Nilimfuata baba mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ananyoa ndevu, nikasema mvua imepungua. Mara ya pili nikasema haijapungua.

Jumamosi, Aprili 11

Asubuhi baba alikuja mlangoni na karatasi tupu.

"Mama, niandikie ile hotuba yako kwa Kiswahili. Herufi kubwa kubwa, nisihangaike. Leo nataka nikamsomee mdogo wangu hospitali. Analala anatazama dari tu, atafurahi kusikia ile ya mikono."

Nikasema ndiyo. Amekwenda karakana, mama yuko hospitali, na mimi nimekaa hapa tangu saa tano. Karatasi yake bado tupu. Najua nikiianza hiyo, mkono utaandika ile hotuba ya uongo, umeshaizoea. Kwa hiyo naandika humu kwanza, nione kama ya kweli inaandikika.

Baba. Siku ile sikusema habari ya mikono. Nilisema karibu na nyumbani kwetu kuna tanuru ambalo faida yake inaingia mfukoni mwa mtu mmoja, na moshi wake unaingia mapafuni mwa wote. Tanuru hilo ni lako. Nilisema unachoma matairi alfajiri na sikusema kwa nini. Nilijua kwa nini. Watu walicheka niliposema unatukausha kama samaki, na wewe ulicheka kwa sababu wao walicheka. Afisa aliponiuliza, mimi ndiye niliyemwambia nyuma ya ukuta, chini ya turubai. Koleo hakumwambia kitu. Koleo alielewa kila neno ukumbini na akakuachia siku yako.

Kuhusu kodi yenyewe sijui, baba. Bado nadhani kama lazima ilipwe, ni afadhali ilipwe hapa kuliko kule, na kama fedha hizo zingekuja kwanza kwa kikaushio cha umeme, baba mdogo angekuwa na mkono wake wote. Ningeweza kulisema hilo ukumbini. Hoja ilikuwepo, tena ilikuwa nzuri. Lakini niliona watu hawajainuka, nikachukua kilichokuwa karibu na mkono wangu, na kilikuwa wewe.

Naona aibu wewe ulipokuwa na masizi kwenye kucha ukumbini. Nilitaka kuandika "niliona." Nimeliacha kama lilivyotoka. Na naona aibu kuliko hiyo kwamba uliponunua soda mbili nilikunywa yangu yote.

Mvua imenyamaza. Nimesikia geti. Anavua mabuti barazani: la kwanza limegonga ukuta, la pili bado. Limegonga. Siku zote huwa nina muda wa kutosha wa kufika kwenye godoro.

Yuko kwenye korido, anatembea na soksi zilizoloa. Kuna sauti nyingine nyuma yake, barazani, inapiga hodi, na ninaijua.

"Mama, umemaliza? Tusije tukachelewa kumwona."

Bado nimeshika kalamu. Mkono wa kushoto nimeuweka juu ya ukurasa, kiganja chini, vidole nimevitanua kama nilivyofundishwa kwenye mchanga. Hautoshi kuyafunika maandishi. Sitauongezea wa kulia.